Burundi: Funzo la bweni la Buta kwa nchi inayojiuliza kuhusu mgao wa makabila

Kila inapofika tarehe 30 Aprili, Wakatoliki wa Burundi huwakumbuka wanafunzi 40 waliouawa mwaka 1997 katika seminari ndogo ya Buta, kusini mwa nchi, baada ya kukataa kutengana Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Kumbukumbu hiyo ni ya kidini, lakini maana yake imevuka mipaka ya kanisa. Nchi inapojadili iwapo mgao wa nafasi za uongozi kwa misingi ya kikabila uendelee au ufutwe, kisa cha Buta kinatajwa na watu wa kila upande, kila mmoja akikivuta kwake.

Swali linalostahili kuulizwa si kama vijana hao walikuwa mashujaa, kwani hilo halina ubishi mkubwa nchini. Swali ni jinsi shule moja ya bweni ilivyoweza kujenga umoja ambao taifa zima lilishindwa kuujenga, na kama umoja wa namna hiyo unaweza kupatikana leo katika shule za Gitega, Buraza, Muyinga na kwingineko, ambako watoto wa Wahutu, Watutsi, Watwa na Waswahili hukaa dawati moja.

Vita vilivyopita darasani

Ili kuuelewa uzito wa Buta, ni lazima kwanza kukumbuka kwamba historia ya umwagaji damu nchini Burundi imepita mara nyingi shuleni.

Wakati wa utawala wa Kibelgiji elimu ilikuwa mikononi mwa wamisionari. Shule kubwa ya sekondari kwa Rwanda na Burundi ilikuwa ile ya Astrida, mji unaoitwa leo Huye, iliyoanzishwa mwaka 1929 na kuendeshwa na Mabradha wa Upendo. Ndiyo iliyowaandaa makarani na wasaidizi wa utawala, na nafasi zake nyingi zilitolewa kwa watoto wa machifu wa Kitutsi. Kwa hiyo shule ya Kikatoliki, kabla haijawa mahali pa kuwaunganisha watu, ilikuwa pia mojawapo ya mahali ambapo tofauti ya koo na kabila iligeuzwa kuwa tofauti ya cheo na mshahara.

Baada ya uhuru wa mwaka 1962, cheti cha shule kilibaki kuwa ufunguo wa ajira ya serikali katika nchi isiyo na viwanda wala biashara kubwa. Aliyepata nafasi ya sekondari alipata njia ya kutoka kilimani. Ndiyo maana mwaka 1972, baada ya uasi wa Wahutu kusini mwa nchi, ukandamizaji wa utawala wa Michel Micombero uliwalenga kwa namna ya pekee Wahutu waliosoma: walimu, makarani, mapadri na wanafunzi. Makadirio ya waliouawa mwaka huo ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Wanafunzi waliitwa majina yao shuleni, wakapakiwa kwenye malori, na wengi hawakurudi. Padri na mwandishi Michel Kayoya aliuawa Gitega mwezi Mei mwaka huohuo. Melchior Ndadaye, aliyekuwa bado mwanafunzi, alikimbilia Rwanda.

Ndadaye alirudi, akachaguliwa kuwa rais mwaka 1993, na akauawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo. Siku hiyohiyo, katika shule ya Kibimba, tarafani Giheta mkoani Gitega, wanafunzi wa Kitutsi walikusanywa, na makumi kati yao wakachomwa moto wakiwa hai katika kituo cha mafuta. Mnara wa kumbukumbu uliojengwa kando ya barabara unasomwa hadi leo na wasafiri wanaokwenda Gitega.

Mwezi Juni 1995 zamu ikawa ya Chuo Kikuu cha Burundi mjini Bujumbura, ambako wanafunzi wa Kihutu waliuawa usiku na wenzao wa Kitutsi. Tukio hilo lilibadili mkondo wa siasa za nchi. Pierre Nkurunziza, aliyekuwa mhadhiri chuoni hapo, aliingia msituni na hatimaye akawa rais kuanzia mwaka 2005 hadi kifo chake mwaka 2020. Évariste Ndayishimiye, mwenyeji wa Giheta na rais wa sasa, alikuwa mwanafunzi wa sheria chuoni hapo, naye pia alijiunga na waasi.

Mfululizo huo unaonyesha jambo ambalo takwimu za vita huficha. Kila kizazi cha viongozi wa Burundi kimebeba jeraha lililopatikana katika umri wa shule, na kila jeraha limekuwa hoja ya kuhalalisha linalofuata. Mwana wa aliyeuawa 1972 alikua akijua ni nani aliyekuja na lori. Ndugu wa aliyechomwa Kibimba alijua ni nani aliyefunga mlango. Shule ilikuwa kiwanda cha wasomi, na papo hapo ikawa kiwanda cha kisasi.

Kilichotokea Buta

Seminari ya Buta iko katika jimbo katoliki la Bururi. Marais watatu wa kijeshi, Micombero, Jean-Baptiste Bagaza na Pierre Buyoya, wote walizaliwa katika mkoa huo wa Bururi. Seminari ndogo nchini Burundi ni shule ya sekondari ya bweni. Kusudi lake la kwanza ni kuwalea vijana wanaofikiria upadri, lakini wahitimu wake wengi huwa walimu, madaktari, mahakimu na hata wanasiasa. Buta ilipokea wavulana wa Kihutu na wa Kitutsi, na baada ya 1993 wengi wao walikuwa wamefiwa au wamekimbia makwao.

Gombera wa seminari, Padri Zacharie Bukuru, ameandika ushuhuda wa miaka hiyo. Kwa mujibu wake, umoja wa Buta haukuwa wa kuzaliwa nao. Vijana walirudi kutoka likizo wakiwa na habari za mauaji ya milimani mwao, wakitazamana kwa mashaka, na kuna waliotaka kulala karibu na wa kabila lao tu. Uongozi haukujifanya kutoona. Wanafunzi walipewa nafasi ya kuzungumza waziwazi juu ya yaliyokuwa yakitokea nchini, Wahutu na Watutsi wakiwa pamoja chumbani, bila kukatazwa kutaja majina ya makabila. Pamoja na mazungumzo hayo kulikuwa na sala, ngoma, michezo na kazi za mikono, mambo yanayowalazimu vijana kutegemeana bila hotuba.

Alfajiri ya Jumatano tarehe 30 Aprili 1997, siku chache baada ya wanafunzi wa madarasa ya juu kumaliza mafungo yao ya kiroho, watu wenye silaha waliivamia seminari. Shambulio hilo limehusishwa na wapiganaji wa FDD, tawi la kijeshi la CNDD, vuguvugu la waasi lililokuwa likipigana na utawala wa Buyoya. Waliingia katika bweni la wakubwa na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa. Amri ilirudiwa, nao wakakataa tena. Ndipo waliporushiwa mabomu ya mkono na kumiminiwa risasi. Waliokufa ni 40, Wahutu kwa Watutsi, na walizikwa pamoja palepale seminarini, pembeni ya kanisa ambalo sasa ni mahali pa hija.

Uamuzi wa vijana wa Kihutu unahitaji kutazamwa peke yake. Kwao kujitenga kulimaanisha kuishi. Waliobaki mahali pao walijua kwamba gharama ya kubaki ni uhai wao wenyewe. Wiki sita tu kabla, tarehe 18 Machi 1997, wanafunzi wa shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, walipewa amri ya aina hiyohiyo na waasi wa Kihutu, wakatoa jibu hilohilo, na baadhi yao wakauawa. Rwanda imewaweka wanafunzi wa Nyange katika orodha ya mashujaa wa taifa. Burundi haijafanya hivyo kwa ngazi ya serikali kwa vijana wa Buta. Kanisa ndilo lililochukua hatua: mwezi Juni 2019 lilifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza wenye heri, likiwaweka pamoja na Padri Kayoya, wamisionari wawili wa Shirika la Mtakatifu Fransisko Ksaveri na mlei mmoja Mwitaliano waliouawa Buyengero mwaka 1995.

Mpangilio huo wa majina una ujumbe wake. Kayoya aliuawa na vyombo vya dola lililokuwa mikononi mwa Watutsi. Vijana wa Buta waliuawa na waasi wa Kihutu. Kwa kuwaunganisha katika faili moja, maaskofu wamewaambia waumini kwamba hakuna upande unaoweza kujidai kuwa na wafiadini wake peke yake.

Njia tatu za kushughulikia kabila

Tangu uhuru Burundi imejaribu njia mbili za kushughulikia suala la ukabila, na Buta inaonyesha ya tatu.

Njia ya kwanza ni kunyamaza. Chini ya Bagaza, aliyetawala kuanzia 1976 hadi 1987, kutaja Uhutu na Ututsi hadharani kulihesabiwa kuwa ni uchochezi. Raia wote walikuwa Warundi, basi. Lakini nyuma ya ukimya huo nafasi za sekondari, jeshi na utumishi ziliendelea kwenda upande mmoja kuliko mwingine. Wazazi wengi wa Kihutu wanakumbuka madai ya enzi hizo kwamba mitihani ya kuingia sekondari iliwekwa alama za siri, herufi U kwa Mhutu na I kwa Mtutsi. Mtu asiyeruhusiwa kutaja kabila hawezi hata kulalamika kwamba amebaguliwa kwa kabila. Utawala huohuo uligombana na Kanisa Katoliki, na mwaka 1986 ukazitwaa seminari ndogo, ambazo zilirudishwa baada ya Buyoya kuchukua madaraka mwaka 1987.

Njia ya pili ni kuhesabu. Mkataba wa amani wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000 baada ya usuluhishi ulioanzishwa na Julius Nyerere na kukamilishwa na Nelson Mandela, ulikubali kwamba tatizo lipo na ukaliwekea mizani. Serikali na Bunge zikapewa uwiano wa asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi, jeshi na polisi nusu kwa nusu, na Watwa wakatengewa viti vitatu katika kila baraza. Mizani hiyo ilisaidia kuzima vita. Askari wa zamani na waasi wa zamani walikaa kambi moja, na ulipozuka mgogoro wa mwaka 2015 kuhusu muhula wa tatu wa Nkurunziza, mpasuko haukufuata kabila kama wengi walivyohofia.

Katiba ya mwaka 2018 iliipa Seneti muda wa miaka mitano kutathmini iwapo mgao huo uendelee au ukomeshwe, na tathmini hiyo ilizinduliwa mwaka 2023. Wanaotaka ufutwe wanasema kizazi kipya hakijali kabila, na kwamba kumwandikia kijana wa miaka 20 kabila lake kwenye fomu ya ajira ni kumrudisha walikotoka wazazi wake. Wanaotaka ubaki wanajibu kwamba bila mizani walio wachache hawatakuwa na kinga, hasa katika nchi ambayo chama tawala, CNDD-FDD, kilitangazwa kushinda viti vyote 100 vya kuchaguliwa katika uchaguzi wa wabunge wa Juni 2025.

Buta hutajwa zaidi na kundi la kwanza. Hoja yao ni rahisi: vijana wale walikataa kuhesabiwa kwa kabila, kwa hiyo na taifa likatae. Hoja hiyo ina upungufu. Wanafunzi wa Buta hawakukataa kwamba wao ni Wahutu na Watutsi. Walikuwa wamelizungumza jambo hilo kwa miaka mitatu na nusu, kwa machozi na ugomvi, wakajua nani amepoteza nani na mikononi mwa nani. Walichokataa ni kutenganishwa. Hii ndiyo njia ya tatu: kulitaja kabila bila kulifanya mpaka. Haifanani na ukimya wa Bagaza, wala hesabu za Arusha hazitoshi kuileta.

Kwa maana hiyo Buta haitoi jibu la moja kwa moja kwa Seneti. Mgao unaweza kubaki na chuki ikabaki, na unaweza kufutwa bila umoja kupatikana. Kinachofundishwa na Buta ni kwamba kabla ya kuiondoa mizani, lazima pawepo kitu kingine kinachobeba uzito wake, na kitu hicho hujengwa polepole, katika miaka ya ujana, mahali ambapo watu wanalala, wanakula na wanabishana pamoja.

Mahali hapo bado papo?

Hapa ndipo mjadala unapofika katika hali halisi ya shule za leo, kuanzia Buraza, iliyokuwa tarafa ya mkoa wa Gitega kabla ya mageuzi ya mwaka 2025 yaliyopunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, mpaka Muyinga, ambayo sasa imo katika mkoa mpya wa Buhumuza.

Shule ya bweni ya Kikatoliki ina mpangilio unaofahamika kwa kila aliyeipitia. Kengele kabla ya mapambazuko, maji baridi, sala au misa, uji, masomo, maharage mchana na maharage usiku, kujisomea kwa ukimya, kisha taa kuzimwa. Mtoto wa mkulima na mtoto wa mkubwa wa ofisi hupanga foleni moja na sahani zao. Mpangilio huo si wa kufurahisha sana kwa mwenye umri wa miaka 16, lakini una nguvu moja: unamwondoa kijana katika kilima chake, ambako kila mtu anajua baba yake alikuwa nani na alifanya nini 1972 au 1993, na kumweka mahali ambapo jirani yake wa kitanda anajulikana kwanza kwa tabia zake.

Nguvu hiyo imepungua. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1980 serikali iliongeza shule za sekondari za tarafa zisizo na mabweni, na mageuzi ya mwaka 2013 yakaiweka miaka tisa ya kwanza ya elimu katika shule za msingi zilizo karibu na nyumbani. Mageuzi hayo yalikuwa na haki yake. Yamefungua milango kwa maelfu ya watoto, hasa wasichana, ambao wangekosa nafasi katika mfumo wa zamani uliochagua wachache. Lakini yana gharama isiyozungumzwa: mtoto wa leo anaweza kufika umri wa miaka 15 au zaidi bila kuishi hata wiki moja na mtu wa eneo jingine. Katika nchi ambayo vita vilisababisha vilima vingi kubaki vya kabila moja, huku wakimbizi wa ndani wakiishi pembeni ya barabara katika vijiji vyao, shule ya karibu na nyumbani hurithi mgawanyiko wa mahali ilipo.

Mabweni yaliyobaki nayo yanabanwa na uchumi. Uhaba wa mafuta ya magari na kupanda kwa bei za vyakula kwa miaka kadhaa sasa kumeifanya jiko la shule kuwa hesabu ngumu. Gunia la maharage linapopanda bei, uongozi una njia tatu tu: kuongeza ada, kupunguza kipimo, au kuwarudisha wanafunzi nyumbani mapema. Njia ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi kwa mada hii, kwa kuwa ada ikipanda, bweni huwa la wenye uwezo, na foleni ya sahani haichanganyi tena matabaka.

Kuna pia suala la somo lenyewe la historia. Tume ya Ukweli na Maridhiano, CVR, ilitangaza mwezi Februari 2020 kwamba imegundua mabaki ya zaidi ya watu 6,000 katika makaburi ya halaiki mkoani Karusi, karibu na mto Ruvubu. Mwishoni mwa mwaka 2021 Bunge lilitangaza kuwa mauaji ya 1972 yalikuwa ni mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Kwa familia zilizonyimwa hata haki ya kulia kwa nusu karne, hatua hizo zilikuwa na maana kubwa. Wakosoaji, kwa upande wao, wanauliza kwa nini kazi kubwa ya tume imeelekezwa mwaka 1972 huku wahanga wa 1993 na wa miaka iliyofuata wakisubiri. Mwalimu anayesimama mbele ya darasa lenye watoto wa pande zote hubaki na mtihani mgumu: afundishe kipi, na kwa maneno gani, bila kuonekana anamshtaki mzazi wa mtu? Wengi huchagua kunyamaza, na hapo darasa linarudi kwenye njia ya kwanza, ile ya Bagaza.

Waswahili wa Burundi na dawati la Kikatoliki

Kwa jamii inayozungumza Kiswahili, mjadala huu una upande wake wa pekee. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2008, Wakatoliki ni takriban asilimia 62 ya Warundi, na Waislamu ni asilimia 2.5. Jamii za Waswahili zimejikita Buyenzi mjini Bujumbura, Rumonge, Nyanza-Lac, Gitega na Muyinga. Nyingi zilitokana na njia za biashara zilizopita Ujiji na Ziwa Tanganyika, na baadaye na utawala wa Kijerumani, uliohamishia makao yake Gitega mwaka 1912 ukiwa na askari na makarani wanaozungumza Kiswahili.

Kwa vizazi kadhaa wazazi wengi wa Kiislamu waliiogopa shule ya misheni, wakihofia kwamba mtoto angeingia na jina moja na kutoka na jingine. Hofu hiyo iliwalinda watoto kidini, lakini iliwafungia pia mlango wa ofisi za serikali, na Waswahili wakabaki katika biashara, udereva, ufundi na uvuvi. Leo hali imebadilika. Watoto wa Kiislamu wanasoma katika shule za Kikatoliki zilizo chini ya makubaliano na serikali, na wazazi wao huzichagua kwa sababu ileile wanayoitaja wazazi Wakristo: nidhamu na matokeo ya mitihani. Kiswahili chenyewe, kilichodharauliwa zamani kama lugha ya sokoni, kiliingizwa katika shule za msingi katikati ya miaka ya 2000, na Burundi ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007.

Hata hivyo mgao wa Arusha haukuwa na kisanduku cha Mswahili. Katika hesabu za 60 kwa 40, mtu wa Buyenzi au wa mtaa wa Waswahili wa Gitega lazima awe Mhutu, Mtutsi au Mtwa, hata kama nyumba yao kwa vizazi vitatu imejitambua kwa dini, lugha na mtaa kuliko kwa kabila. Baadhi wana babu Mmanyema na bibi Mrundi. Kwa hao, kufutwa kwa mgao kunaweza kuonekana kama nafuu. Lakini walio wachache wana sababu ya kuwa na tahadhari: mahali ambapo hakuna anayehesabiwa, aliye mdogo ndiye wa kwanza kutoonekana.

Buyenzi pia ina kumbukumbu inayofaa kuwekwa kando ya ile ya Buta. Vita vilipoigawa Bujumbura baada ya 1993, na mitaa kama Kamenge na Ngagara kubaki ya kabila moja, Buyenzi uliendelea kuwa wa mchanganyiko kwa muda mrefu kuliko mingi. Watu waliswali safu moja na kuoleana bila kuulizana kabila. Mwezi Machi 1995 vurugu ziliufikia mtaa huo pamoja na jirani yake Bwiza, watu wakauawa na wengi wakakimbia. Kwa hiyo Buyenzi haikuwa kisiwa cha amani, lakini ilithibitisha kwamba desturi za pamoja zinaweza kuchelewesha chuki, na kwamba kuchelewesha huko huokoa maisha. Msikiti na mtaa vilifanya huko kazi ambayo bweni lilifanya Buta.

Kinachoweza kufanywa

Haiwezekani, wala haitakiwi, kurudisha mfumo wa zamani wa mabweni ya wachache. Lakini yapo mambo yasiyohitaji bajeti kubwa. Shule za kutwa za Buraza na za Muyinga zinaweza kukutanisha wanafunzi wao kwa kambi za likizo, mashindano na ngoma. Hija ya Buta na mnara wa Kibimba vinaweza kutembelewa na darasa moja katika mwaka mmoja, ili mwanafunzi aone kwamba waliouawa ni wa pande zote. Walimu wa historia wanaweza kupewa mwongozo na ulinzi, wasiachwe peke yao kati ya mzazi na mkaguzi. Shule za Kikatoliki zinazopokea watoto Waislamu zinaweza kuwapa nafasi ya swala na futari bila kusubiri amri, kwa kuwa mgeni huijua nyumba kwa namna anavyokaribishwa mezani.

Warundi wana kanuni ya ubushingantahe, ile hekima ya wazee wa kilima ya kusikiliza pande zote kabla ya kuamua. Seneti na serikali zitakapoufikia uamuzi kuhusu mgao, zitahitaji hekima hiyo. Zitahitaji pia kuangalia chini ya ngazi ya Bunge na wizara, kwenye madarasa yenye watoto 60 au zaidi, kwa sababu huko ndiko itakakojulikana kama asilimia za Arusha zimepata mrithi.

Vijana 40 wa Buta hawakuwa na muda wa kushauriana alfajiri ile. Jibu walilolitoa lilikuwa limekwisha kuandaliwa kwa miaka mitatu na nusu ya mazungumzo magumu. Warundi wanaosoma shule leo, wa kila dini na kila lugha, wamejaliwa muda ambao wenzao wa 1997 hawakuwa nao. Namna watu wazima watakavyowasaidia kuutumia ndiyo itakayoamua jibu lao siku watakapoulizwa tena wajitenge.